Upanga Uliokwama Kwenye Ala

Saa mbili asubuhi, soko la visu la Bursa, mji wa Uturuki, limeshachangamka kwa kelele za mawe ya kunolea. Imebaki wiki moja kufika Idi ya kuchinja, na kila nyumba imekumbuka leo kwamba kisu chake ni butu. Katikati ya vurugu hiyo, Nazmi Dikmen, fundi wa miaka sitini na sita, ameinamia upanga mfupi wenye kutu. Anadondoshea mafuta kwenye mdomo wa ala, tone baada ya tone, kama anayemnywesha mtoto dawa.

"Wateja wamejaa mlangoni, wewe unabembeleza chuma!" anamfokea jirani yake Selami, muuza visu vya jikoni upande wa pili wa njia. "Upanga huo ungekuwa mwanamke, Behiye angeshakufukuza nyumbani."

"Behiye ndiye aliyenipa mafuta," anajibu Nazmi bila kuinua kichwa.

Kazi inayomlisha yeye na mkewe Behiye ni kunoa. Kutambua panga na majambia ya kale, kila moja limetengenezwa pembe gani ya nchi, ni kazi ya moyo, na aghalabu malipo yake ni glasi ya chai na asante. Aliirithi kwa marehemu baba yake, aliyekuwa akimfunga kitambaa machoni na kumpa mipini aipapase.

"Macho yanadanganywa na fedha na vito," anasema. "Kidole hakijali urembo."

Kwa kidole hicho anajua kwamba upanga wa Rumeli, kule ng'ambo upande wa Ulaya walikotoka wahamiaji wengi wa mji huu, una masikio mawili mapana mwishoni mwa mpini. Wa milima ya Aegea una kichwa kilicholala kama msalaba usio na juu. Wa pwani ya Bahari Nyeusi mpini wake umechanua pembe mbili, na ubapa wake umejipinda mara mbili hadi kwenye ncha nyembamba kama sindano.

Safari hii kidole kilimponza. Bi Nezihe, ajuza wa miaka sabini na tisa, alipouleta upanga wa ukoo wao, ulikuwa umenasa kwenye ala kwa kutu, na mpini umezungushiwa ngozi nene. Nazmi alipapasa, akahisi nundu mbili, akatamka papo hapo: Rumeli. Bi Nezihe akalia kwa furaha. Babu yake alihamia Bursa kutoka Rumeli akiwa kijana, na jina la mji wake limepotea pamoja na wazee. Baada ya Idi, mpwa wake Tuncay atampeleka huko kwa gari.

"Nikanywe maji ya alikozaliwa babu kabla sijafa," alisema siku ile. "Wewe nitafutie mji tu, fundi."

Jana jioni Nazmi aliikata ile ngozi, kwa ruhusa ya Bi Nezihe. Chini yake kulikuwa na pembe mbili, moja imepasuka. Usiku hakula.

"Nimemliza mama wa watu kwa furaha ya uongo," anasema sasa, akivuta taratibu. Ala inalia, inaachia. Ubapa unatoka, umejipinda mara mbili, ncha yake sindano tupu. Nazmi anaketi. Alikuwa bado anaomba zile pembe ziwe zimemdanganya.

Bi Nezihe anaingia na mkoba wake na mikate ya ufuta ya kugawia wote. Mwandishi wa makala haya, kwa kiherehere, anauchukua upanga ampe. Anachapwa kofi mkononi.

"Weka mezani! Chenye makali hakipokezanwi mkononi. Unataka tugombane mimi na wewe?" anang'aka bibi. Kisha anauokota mwenyewe kutoka mezani, inavyotakiwa, na kuupakata.

Nazmi hazungushi maneno. "Mama, nilikudanganya bila kujua. Huu si wa Rumeli. Umefuliwa pwani ya Bahari Nyeusi, upande wa mashariki kule. Nisamehe."

"Babu hakuwahi kufika huko!"

"Mimi naweza kukwambia upanga ulikozaliwa. Mikono uliyopitia siijui. Nani nyumbani kwenu aliwahi kuwa nao?"

Bi Nezihe anaipapasa pembe iliyopasuka. Upande wa pili wa njia, Selami ameacha kunoa.

"Ulikuwa kwenye sanduku la bibi," anasema Bi Nezihe polepole. "Bibi Naciye. Tulisema babu ndiye aliyeuficha mle. Upanga ni kitu cha mwanaume, nani angefikiria vingine?"

Bibi Naciye aliokotwa akiwa yatima, akalelewa kwenye nyumba za watu. Akiulizwa kwao, alijibu, "Ni hapahapa." Wakwe walimwita asiye na kwao, mbele ya watoto wake.

"Alipanda kabichi nyeusi nyuma ya nyumba," anaendelea. "Na mkate wa mahindi, kila siku ya Mungu mkate wa mahindi. Tulimcheka! Mimi nilimcheka, fundi."

"Chakula hicho ni cha watu wa huko, mama," anasema Nazmi. "Cha huko kabisa."

Bi Nezihe anaukumbatia upanga na kulia, na safari hii Nazmi naye analia, hafichi. Wateja mlangoni wanajifanya wanaangalia simu.

Nazmi hajawahi kukanyaga pwani ya Bahari Nyeusi. Anasema Idi ikipita atafunga duka, yeye na Behiye waende pamoja na bibi. Kijiji hawezi kukitaja, ila anataka kukaa na mafundi wa kule awaonyeshe upanga, huenda mmoja akaujua mkono ulioufua. "Miaka yote nawatambua kwa mipini yao," anasema. "Ningependa niwasalimie."

Aliyebaki kuridhishwa ni Tuncay, aliyekuja kumchukua shangazi yake na kukuta safari imegeuzwa.

"Shangazi, hati za mpakani nimeshamaliza! Ndugu wote wanasubiri picha za kwa babu!"

"Kwa babu wataenda wengine," anasema Bi Nezihe, akiushika mkono wa Tuncay ili ajiinue. "Kwa bibi hajawahi kwenda mtu kumuulizia."