Kiuno cha Mwalimu wa Kwaya

Tunduma nzima huvuka mpaka na kurudi. Mimi safari yangu ndefu ni ya kutoka kitandani hadi kwenye kompyuta. Ndiyo maana dada yangu, fundi cherehani, alinikabidhi hifadhidata ya vipimo vya wateja wake. Kazi isiyodai viatu.

Siku hiyo ilikuja kwaya ndogo kutoka milima ya Ileje kupimwa sare. Kwa kiherehere changu nilihifadhi nakala kwenye simu kabla hawajaingia, na nyingine walipoondoka. Dada ana mkono mwepesi, hata saa nzima haikupita.

"Mdogo wangu," akaniuliza, "kompyuta ikiungua leo?"

"Nakala zipo."

"Umewahi kuirudisha hata moja ukaona inarudi?"

Nikakohoa.

"Basi fanya mazoezi sasa hivi. Ikigoma, utawafuata Ileje wewe mwenyewe, futi shingoni."

Ileje! Mimi ambaye nikienda sokoni tu huaga kama mtu anayehama!

Nikatoa kompyuta kuukuu iliyokuwa tupu, tukajifanya ile nzima imekufa. Kila nakala simu iliipa jina kwa saa ilipohifadhiwa, kwa hiyo nikachagua yenye saa ya mwisho, nikairejesha. Vipimo vikajaa kwenye kioo. Nikakunja nne.

"Nipe kiuno cha mwalimu wa kwaya," dada akasema.

Nikatafuta. Hakuna. Kwaya yote haimo.

"Yaani mwalimu hana kiuno? Na nilivyokizunguka mpaka nikahema! Haya, funga begi."

Dada akainyanyua simu yangu dirishani aangalie saa, akacheka hadi akakaa chini.

"Wewe! Simu yako iko Zambia!"

Ule ugonjwa wa simu zetu: ilinasa mtandao wa ng'ambo, saa ikarudi nyuma saa nzima. Nakala ya pili ikapewa jina la saa za Zambia, ikaonekana imetangulia ile ya kwanza. Nikairejesha hiyo. Kiuno kikatokea, kipana kama mlango.

"Kipo!" nikapiga kelele.

"Kumbe na wewe huwa unavuka mpaka," akasema, "tena umekaa."

Tangu hapo saa ya simu naiweka kwa mkono, na mazoezi tunayarudia kila mwezi. Begi sikufunga. Ila sare zilipokamilika, dada alizikunja vizuri, akaniwekea mapajani.

"Zipeleke Ileje. Anayekijua kiuno cha mwalimu ni wewe."