Talaka Iliyobaki

Harufu ya vanishi hunirudisha Kisauni, miaka ya themanini, kwenye nyumba yetu ya makuti. Baba alikuwa seremala. Alipiga randa uani tangu asubuhi, na maranda yakatufuata hadi kitandani. Fundi kwelikweli, lakini hasira zake, jamani! Akishapandwa na mori haambiliki. Siku moja aligombana na mteja, akakata miguu ya kitanda bila kupima, kikatoka kitanda cha kulalia paka. Kwa hasira hizo hizo alikwisha kumwacha mama mara mbili: mara ya kwanza kwa wali ulioungua, ya pili hata mwenyewe hakumbuki. Mara zote alimrejea kwa aibu. Nilikuwa na miaka tisa, na kwenye chuo cha Kurani tulishasomeshwa kuwa talaka ni tatu, na ya tatu haina marejeo. Basi kila baba alipopaza sauti, nilikumbuka kuwa imebaki moja tu.

Ijumaa moja alirudi msikitini akakuta kufuli mlangoni. Mimi nimerudi shule, nimekaa barazani, sijui mama alikokwenda. Baba akasimama pale akijisemea, mishipa imemtoka shingoni. Karibu na alasiri mama akatokea, buibui limejaa vumbi.

“Wewe mwanamke, umetoka kwa ruhusa ya nani? Basi sikiza...”

Nilifumba macho. Nilipofumbua, baba alikuwa amekaa kitako chini, kama Mtume alivyomwagiza mwenye hasira, amejiziba kinywa kwa kiganja. Lile neno halikutoka. Akainuka, akatawadha kwenye pipa, akaenda zake kuswali. Aliporudi, sauti ilikuwa ndogo, akamwita mama kwa jina langu.

“Haya, Mama Zuhura. Nieleze.”

Kumbe mtoto wa jirani alishikwa na degedege, na mama ndiye aliyembeba mbio hadi hospitali. Baba akainamisha kichwa.

“Hajambo lakini?”

“Hajambo, alhamdulillahi.”

“Wallahi, nilikuwa naivunja nyumba yangu kwa mikono yangu mwenyewe.”

Siku hizi nasikia vijana wanaachana kwa ujumbe wa simu, hata hawajaulizana kitu. Mimi huwasimulia habari za baba yangu, na husimulia kwa kujigamba, maana mtaa mzima hapakuwa na mkali kama yeye, na hasira yake aliiweza. Alifariki mwaka juzi. Mama alikaa eda miezi minne na siku kumi, eda ya mke aliyefiwa na mumewe.