Neno la Kuombea Nafasi

Niliporudi Goma kutoka Uganda, katikati ya miaka ya hamsini, nilikuwa na diploma ya Kiingereza niliyoisomea huku nikichuma kahawa ya watu. Mjini kote sikumjua mwingine aliyekuwa nayo. Ndiyo maana karani wa barazani, aliyewaandikia watu barua zao, alinichefua tangu siku ya kwanza. Alikuwa na mashine ya kuandika, tai iliyoganda mafuta, na Kiingereza alichokitengeneza kwa kukata mikia ya maneno ya Kifaransa.

Siku moja muzee mmoja, mfugaji wa milima ya Masisi, alinipa barua aliyotoka kuandikiwa na karani huyo. Binti yake alitaka kusomea uuguzi katika hospitali ya misheni huko Uganda. Nafasi ilibaki moja, na lori la posta lilikuwa likiondoka adhuhuri. Mstari wa kwanza ulisema: "I demand a place for my daughter." Nilijisikia kama mtu aliyeuma nyama akakuta unywele.

"Muzee, hapa hauombi nafasi. Unaidai."

"Demander ni kuomba!" karani akafoka. "Hata mutoto wa shule anajua."

"Hicho ni Kifaransa."

"Neno ni ile ile, imebadilisha tu kofia."

Waliokuwa wakingoja zamu wakacheka. Muzee akanitazama kwa mashaka. "Mwanangu, yake imepigwa na mashini. Yako iko wapi?"

"Muzee, ulipoenda kumutafutia kijana wako bibi, uliwaambia wakwe, 'Ninadai mutoto yenu'?"

"Wangenifukuza na pombe yangu! Kwetu tunasema gusaba. Tunaomba."

"Basi na barua hii watakufukuza."

Hapo muzee akaacha mzaha. Akataka gusaba ya Kiingereza. Nikamwambia ziko tatu. "Ask" ni ya jirani anayetaka chumvi. "Beg" ni ya mtu aliyepiga magoti.

"Magoti? Mimi niko na ng'ombe!"

"Ndiyo maana tutaandika 'request'. Unaomba ukiwa umesimama, kofia mukononi."

Muzee akairudisha barua juu ya mashine. "Karani, piga tena. Tia neno ya huyu."

Alipiga, akisonya kila herufi. Nilisimama nyuma yake hadi nukta ya mwisho, nikivumilia harufu ya ile tai.

Majuma kadhaa baadaye jibu lilikuja: "Your request has been granted." Ombi limekubaliwa, binti amepata nafasi. Mimi nilikuwa kazini, kwa hiyo muzee alilipeleka kwa karani amsomee. Nilipopita barazani nilimkuta karani ameweka kidole chenye wino juu ya neno langu, kifua mbele.

"Request! Unaona, muzee? Si nilikuambia?"

Muzee akanikonyeza. Mimi nilitema mate kwenye mawe meusi ya volkano, nikaenda zangu.