Kisu Chenye Sauti

Fundi makochi alipokwenda kuchagua kisu cha kukunja, hakutazama makali. Alifumba macho akavifungua kimoja kimoja sikioni, akisikiliza kile kitasa cha mgongoni kikidaka. Muuza duka alivumilia mpaka cha tisa. "Mzee, unanunua kisu au redio?" Cha kumi kilisema *ta*, mara moja, bila kigugumizi, na bapa lake halikucheza alipolitikisa. Akakichukua. Tangu hapo kila asubuhi, kabla hajagusa kochi la mtu, hutoa nyuzi na vumbi la sponji kwenye kiungo chake kwa njiti ya kiberiti, hudondosha tone moja la mafuta ya cherehani, hukifungua na kuinamisha kichwa. Kikisema *ta*, hutabasamu. Kikisema *tik*, chai itapoa akikisafisha upya. Wala hamwazimi mtu. Ukimwomba, atakuuliza unakata nini, kisha atakuja kukukatia mwenyewe, hata kama ni uzi wa kifungo.

"Mimi nakuita mara tatu husikii," mkewe hulalamika, "lakini hicho kikikohoa tu unaruka."

"Wewe hushiki kutu," alimjibu siku moja, akidhani amemsifu.

Mchana huohuo alikisahau jikoni. Chakula kilipoiva, mkewe alivuta pumzi ili aite, kisha akaghairi. Alikunjua kile kisu polepole, makusudi, kikatoa *tik*. Fundi alishafika mlangoni, misumari bado mdomoni.

"Nani anakifungua hivyo?"

"Nawa mikono," akasema mkewe, akakikunja na kukitia mfukoni mwa gauni lake.