Aliyeupa mlima majina ya majirani zake

Ni Jumamosi ya Machi 1997, saa tatu asubuhi, na ukungu haujatoka juu ya vilima vya Ngong. Shem Ojwang anasukuma baiskeli yake nyeusi kwenye njia ya mbuzi. Madumu mawili ya maji yamefungwa kwenye keria kwa mpira wa tyubu. Nyuma yake watu sita wanapanda wakihema. Wanne ni makarani wa mjini, wawili ni Wazungu, na wote wamelipa ili watembee.

Wakifika ukingoni mwa korongo moja refu, mama wa Kizungu anatoa kalamu na kijitabu.

"Na hapa panaitwaje?"

Ojwang anachungulia chini. Anakuna shingo. Halafu anatamka neno ambalo kwa zaidi ya miaka mitatu hakuna mteja aliyelisikia kinywani mwake.

"Sijui," anasema. "Ngojeni tumuulize mwenye mahali."

Mwenye mahali anakuja taratibu, fimbo mabegani, ng'ombe kumi na mmoja mbele yake. Ni Mzee Parmuat, mfugaji ambaye boma lake liko upande wa chini, na ambaye tangu Januari amekuwa mwalimu wa Ojwang. Hajasalimia mtu bado, anaanza.

"Huyu mnamuona? Huyu ndiye alizalia mlima wetu watoto wa Kawangware."

Wageni wanacheka wakidhani ni utani. Ojwang hacheki.

Ojwang ana miaka 38. Alizaliwa Kendu Bay, akaletwa Kibera angali mdogo, akakulia Sarang'ombe. "Mlima wa kwanza kupanda maishani ulikuwa ngazi za Nyayo Highrise," anasema. "Nilikuwa nabebea watu maji mpaka orofa ya juu." Leo anaishi Kawangware na mkewe Risper na watoto watatu, kwenye ploti ya vyumba kumi na vinne vya mabati, bomba moja na choo kimoja.

Kazi hii aliipata bila kuitafuta. Mwaka 1993 alikuwa mtunza bustani wa Mzungu mmoja mstaafu, kwa mshahara wa shilingi 1,800. Mzee huyo alikuwa na kikundi cha matembezi kila Jumamosi. Siku moja mtu wa kuwaonyesha njia hakutokea.

"Nilipelekwa kubeba kikapu cha sandwichi, nikarudi nimekuwa mwongozaji," Ojwang anasema.

Kawangware nzima ililicheka hilo. Aliyecheka zaidi ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Nduku, mama wa Kitui anayekaanga mandazi mlangoni mwa ploti na kujua habari za kila mtu kabla mwenyewe hajazijua.

"Nilimuuliza, Baba Brandon, unalipwa kutembea?" Nduku anasimulia huku akigeuza mandazi. "Hapa watu wanatembea hadi Industrial Area kila asubuhi na kurudi jioni, na hakuna amewahi kupewa hata peremende. Nikamwambia, ukiona nafasi nyingine ya kazi ya kutembea niitie, miguu ninayo."

Lakini ni kweli alilipwa. Shilingi mia mbili kwa kila kichwa. Jumamosi nzuri alirudi na elfu moja na mia mbili, na kodi ya chumba ni mia saba.

Shida ilikuwa moja. Wateja waliuliza majina. Kila kilima, kila jiwe, kila bonde, "Hapa panaitwaje?" Na Ojwang, mtoto wa Sarang'ombe, hakujua hata moja.

"Ningesema sijui, wangeniona mtu wa kikapu tu," anasema. "Sasa siku hiyo tulifika kwa kilima kimoja kimeviringana vizuri. Wakauliza. Nikafikiria nyumbani. Nikasema, hiki ni Kilima cha Risper."

Basi mlango ukawa umefunguka. Kilima kilichofuata, kile kilichotokeza mbele, kikawa Tumbo la Shivachi, kwa heshima ya fundi viatu wa ploti ambaye mkanda wake umeongezwa matundu. Na korongo lile refu, lenye kelele za upepo na lisilo na mwisho, likawa Korongo la Nduku.

Kila jina lilipewa hadithi. Nduku, kwa maelezo ya Ojwang, alikuwa mke wa mfanyabiashara wa pembe za ndovu zamani za misafara. Alimtoroka mumewe akajificha korongoni, na hata leo ukisikiliza vizuri utamsikia akimtukana. Wateja walipiga picha. Mzungu mstaafu aliandika yote.

Mwanzoni mwa 1995 maandishi hayo yakatoka kama ramani. Karatasi ya kukunja, imechorwa kwa mkono, ikauzwa kwa wanakikundi na marafiki zao. Nakala sitini. Njia zilionyeshwa kwa vidoti vyekundu, na mstari mmoja wa vidoti ulipita katikati ya Korongo la Nduku.

Ojwang alipeleka nakala moja kwenye ploti, na jioni hiyo hakuna aliyekula kwake. Wote walijazana chumbani kwa Risper. Shivachi alitafuta tumbo lake kwenye karatasi mpaka akalipata. Nduku, ambaye hajui kusoma, aliwekewa kidole juu ya jina lake, akapiga kigelegele. Tangu siku hiyo, mwenye ploti akija kugombana naye juu ya moshi, alimjibu, "Wewe una vyumba kumi na vinne. Mimi nina mlima."

Sasa sikia yaliyofuata.

Julai mwaka jana, wasichana wawili walipanda Ngong peke yao. Mmoja ni Daisy Murunga, wakati huo muuzaji katika duka la vitambaa mjini, anayeishi na shangazi yake Nyayo Highrise. Wa pili ni Trizah, fundi cherehani wa Sarang'ombe. Walikuwa marafiki wa chanda na pete, wakiimba kwaya moja, sauti moja, kitabu kimoja. Walikuwa wamepanda na Ojwang mara moja, wakapenda. Mara hii, ili kubana matumizi, waliazima ramani.

Saa tano asubuhi, katikati ya vidoti vyekundu, jiwe lilimtoka Daisy chini ya kiatu. Mguu wa kulia ulivunjika mahali pawili. Akamwambia mwenzake, "Kimbia. Waambie niko Korongo la Nduku."

Trizah alikimbia. Ukungu ulikuwa mzito, akateremkia upande mwingine kabisa, mpaka mabomani. Kila aliyemkuta, Trizah alimtajia jina hilo hilo. Wafugaji waliulizana. Hakuna aliyelijua. Walimwomba aonyeshe kwa kidole, na mlima haukuonekana. Mwishowe kijana mmoja alisema Nduku ni jina la Kikamba, na wao wanamjua Mkamba mmoja. Wakampeleka mwendo wa nusu saa hadi dukani kwa mama huyo.

"Nikawaambia mimi ni Wayua, sio Nduku, na hapa hakuna korongo, ni sukari na mafuta ya taa," anakumbuka Wayua mwenye duka. "Yule mtoto alikuwa anatetemeka hawezi hata kuongea. Nikampa soda, nikamshikia chupa."

Daisy alipatikana saa kumi na moja kasorobo jioni, na waliomkuta ni wachungaji waliokuwa wakirudisha mbuzi. Alikuwa amelala kwenye mawe yenye maji kwa karibu saa sita. Miezi miwili ya hospitali ilimwachia chuma ndani ya mguu, na mguu wenyewe mfupi kidogo kuliko mwenzake. Hawezi kusimama zaidi ya saa moja. Kazi ya duka ilikwenda.

Na kuna aliyemnong'oneza kitandani kwamba siku ile Trizah alionekana dukani akinywa soda.

Hiyo soda ndiyo iliyomaliza urafiki. Siku ya kwanza Daisy aliporudi kanisani kwa magongo, alimkabili Trizah mbele ya kwaya nzima. Trizah hakujitetea sana. Alisema tu, "Niliuliza kila mtu," na watu wakaguna. Aliacha kwaya. Hawajasemezana tena.

Habari za kanisani zilimfikia Ojwang baadaye, lakini za ajali alizipata kutoka kwa wateja wake wiki ile ile. Alijua papo hapo ni kwa nini hakuna mfugaji aliyejua korongo hilo. Akanyamaza.

"Niliendelea kupeleka watu," anasema. Anaongea akiangalia spoki za baiskeli. "Wakiniuliza majina nawatajia yale yale. Nilikuwa nasema moyoni, mguu umeshavunjika, nikisema utaunganika? Lakini yule mwingine alikuwa anatukanwa bure. Hilo nilijua. Nilijua kila siku."

Mwezi Januari usiku mmoja alimweleza mkewe kitandani, kwa sauti ya chini. Ukuta wa mabati hauna sauti ya chini. Asubuhi Nduku alikuwa mlangoni, mikono kiunoni, unga hadi kwenye viwiko.

"Baba Brandon, ni ukweli mtoto wa watu alivunjikia kwa jina langu?"

Ojwang akajaribu kumvuta ndani. Nduku akakataa kuvutwa.

"Nisemee hapa hapa! Mimi nimekaa karibu miaka miwili nikiringia watu nina mlima, kumbe mlima wenyewe unameza wasichana? Toa jina langu huko. Na huyo mwingine anayeitwa mlevi wa soda, nani atatoa lake?"

Risper anasema huo ndio wakati alipomuona mumewe akilia kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya mama yake. "Ploti yote ilikuwa imetoka nje na miswaki mdomoni," anasema. "Hakuna aliyecheka. Hata Shivachi alirudi ndani."

Wiki hiyo Ojwang alipanda baiskeli hadi Ngong siku isiyo ya kazi, akamtafuta Mzee Parmuat. Alikwenda pia kwa Wayua, akasikia habari ya soda kwa masikio yake. Kwa Mzungu mstaafu alikwenda kukiri, na mzee yule akamwambia azikusanye ramani yeye mwenyewe, moja moja. Hadi sasa Ojwang amepata thelathini na saba. Nyingine wenyewe walishahama nchi. Moja, ameambiwa, imewekewa fremu ukutani huko Uswidi.

Majina ya kweli amejifunza manne. La korongo alikuwa hajathubutu kuuliza mpaka leo asubuhi, mbele ya wateja sita.

Mzee Parmuat anataja jina kwa Kimaasai, polepole. Mama wa Kizungu anaomba maana yake.

"Ni kusema, mahali panavunja ndama," mzee anajibu. "Hata mtoto mdogo akisikia hiyo jina, hapeleki ng'ombe hapo. Wewe ulikuwa unapeleka watu?"

Ojwang anaketi chini kwenye nyasi zenye umande. "Jina lenyewe lilikuwa linakataza watu," anasema baadaye, njiani kuteremka. "Mimi nikalitoa, nikaweka la kuchekesha."

Saa tisa unusu alasiri anaegesha baiskeli Nyayo Highrise, anapanda ngazi alizokuwa akipanda na maji. Daisy mwenyewe anafungua, akiegemea fimbo.

"Si ni wewe wa kule mlimani? Karibu. Keti."

"Sikai, dada. Nimekuja na neno baya."

Anamweleza. Anaanzia kwenye kikapu cha sandwichi. Akifika kwamba Nduku anauza mandazi Kawangware, Daisy anaangua kicheko.

"Wacha zako!"

Halafu anamwangalia usoni, na kicheko kinamkatikia.

"Kwa hivyo Trizah alipokuwa anawauliza..."

"Hawangejua. Hata angeuliza Ngong nzima. Alikuwa anatafuta mahali hakuna."

"Na soda?"

"Alipewa na mama wa duka. Alikuwa anatetemeka. Nimeenda nikamuuliza mwenyewe."

Daisy anakaa. Anaunyoosha ule mguu kwa mikono miwili.

"Ulijua lini?"

"Wiki ile ile."

"Miezi minane, Bwana Ojwang."

"Ndio, dada."

"Mimi nikilala hapa nikimlaani, wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Shangazi ametoka jikoni na mwiko mkononi, amesimama. Chini watoto wanapiga mpira ukutani. Daisy anaomba aletewe maji, analetewa, hanywi.

"Usidhani nimekusamehe," anasema. "Umeshaenda kwa Trizah?"

"Bado. Nilikuwa naogopa kuanza na yeye."

"Kesho baada ya kanisa. Utapitia hapa. Hiyo baiskeli uiache kwako, sibebwi kama gunia. Nitatembea."

"Nitaongea mimi yote, dada. Wewe utasimama tu."

"Hapana." Daisy ameshika fimbo kwa mikono yote miwili. "Mbele ya kwaya nilimwita muuaji. Mimi nitaanza. Wewe utakuwa wa pili."

Kutoka Highrise hadi chumba cha Trizah ni dakika ishirini kwa mtu mwenye miguu mizima. Ojwang amepanga saa moja na nusu, na ameshafikiria wapite wapi ili Daisy asiruke mitaro. Kazi ya Jumamosi hajui kama atabaki nayo. Wateja wawili wameshamwambia hawatarudi. Lakini hilo, anasema, litajulikana Jumamosi ijayo.

"Ya kesho ndiyo naomba Mungu," anasema akiwa langoni, kofia mkononi. "Tumkute ndani. Na akituona sisi wawili, asifunge mlango."