Ndege ya Kiti Kimoja

Jumanne asubuhi nilikuwa nachambua mboga mlangoni kwangu hapa Mafiga, Morogoro, simu ikaita. Alikuwa mke wa rafiki yangu rubani. Hakulia. Alisema, "Shemeji, mwenzako ametutoka. Amefia kitandani." Nikampa pole, nikamuuliza habari za mazishi. Alirudia tu, "Kitandani, shemeji. Kwenye shuka lake." Mtu mwingine angedhani amechanganyikiwa. Mimi nilimwelewa, kwa sababu kwa miaka mingi yeye na mimi tulimzika mtu huyu vichwani mwetu kila alasiri ambayo ndege yake ilichelewa.

Wasomaji wangu wa siku zote mnajua kwamba niliishia darasa la saba, na kwamba kabla ya kuandika nilikuwa kibarua kwenye uwanja mdogo wa ndege hapa mjini. Nilipampu mafuta kutoka kwenye mapipa na kufukuza mbuzi ndege ilipotaka kutua. Huko ndiko nilikomjua marehemu. Alikuwa mtu wa Kanda ya Ziwa, mrefu, mpole, akirusha ndege ya kampuni moja ya umma iliyokuwa ikinyunyizia dawa mashamba ya miwa na kuua kweleakwelea waliovamia mpunga. Ikaja enzi ya ruksa, biashara ikaachiwa watu binafsi. Kampuni ikafungwa, ndege zikauzwa, naye akabaki na kofia yake. Alikuwa ndiyo kwanza ameoa binti wa Mgeta, kule milimani, na binti alikuwa mjamzito. Mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam akamwita, akamwambia yuko tayari kununua ndege moja ndogo washirikiane, yeye atoe fedha na rubani atoe kazi. "Ila kuchagua, chagua wewe," alimwambia. "Mimi hata ngazi naogopa kupanda."

Zilizokuwa zinauzwa zilikuwa mbili. Moja ilikuwa nyeupe, ya viti vinne, ya kubebea wageni kwenda mbugani. Nyingine ilikuwa ya manjano, ya kunyunyizia dawa, nayo ilikuwa na kiti kimoja tu. Pale ambapo abiria wangekaa palikuwa na tangi. Rubani mwenyewe alinieleza kwamba hiyo ya pili ndiyo inayoua marubani, maana kazi yake ni kupita chini kabisa, jirani na miti na nyaya za umeme. Kwa hiyo alishaamua. Alitaka ya viti vinne, na alishapanga ukaaji: mkewe mbele, mtoto nyuma, na kiti kinachobaki, aliniambia akicheka, "cha kwako wewe na mbuzi wako." Jumapili angewapeleka kuangalia Mgeta kutoka juu.

Lakini kwa Waluguru, watu wa mkewe, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Rubani alitoka kwenye watu ambao mtoto ni wa baba, na jambo hili lilikuwa bado halijamkaa. Mkewe alikataa kuonja hata mzunguko mmoja kabla mjomba wake hajaiona ndege. Basi tukapanga kuijaribu ile nyeupe asubuhi moja, kabla upepo haujaamka, na mjomba akashuka kutoka Mgeta juu ya lori la kabichi. Lori likapasua tairi njiani. Alipofika, jua lilikuwa utosini.

"Shikamoo, mjomba," rubani alimwamkia.

"Marahaba. Ndiyo hii?" Akaizunguka, akaigonga ubavuni kwa kidole kama anayechagua tikitimaji. "Ni bati?"

"Ni bati jepesi, mjomba."

"Nyumba yangu ina bati zito kuliko hili, na upepo uliling'oa."

Mke wa rubani akasema, "Lakini mjomba, watu wanapanda kila siku."

"Wapande hao. Wewe umebeba mtu wetu."

"Ni mtoto wangu pia," rubani alisema taratibu.

"Wako, nani kakataa? Utamlisha, utamsomesha. Lakini akianguka, nitakayeulizwa ni mimi. Dada zangu huwajui wewe." Tulicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa amemshika mpwa wake mkono, na hakuuachia. Kisha akaninyooshea kidole. "Apande kwanza huyu wa mbuzi. Akirudi mzima, tutazungumza."

Hivyo ndivyo nilivyokaa kwenye kiti cha mbele, kiti cha shemeji. Sikuwahi kupanda ndege kabla ya siku ile, na sijapanda tena. Mwanzo palikuwa pazuri. Niliona mabati ya Mafiga, nikaiona reli. Tukauzunguka mlima kuelekea Mgeta. Marehemu aliujua ule upepo unaopanda Uluguru upande wa pili na kumwagika huku kwetu mchana, lakini nadhani alitaka mjomba asikie kwamba tumefika kwao. Ghafla ndege ikashuka kama imekatwa kamba. Injini ilinguruma kwa nguvu zake zote, na bado tulikuwa tunashuka. Matuta ya kabichi yalikuwa yanatupandia. Nilimwona mwanamke shambani akitupa jembe na kulala kifudifudi. Nilijikojolea; naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nikamtazama rubani nipate moyo, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana goti lake lilikuwa linatetemeka hata likawa linagonga chuma, naye alikuwa akilibana kwa mkono mmoja. Aliipinda ndege kulifuata bonde, na upepo ukatuachia, basi tu.

Tulipotua hakufungua mlango. Alikaa akikitazama kiti changu. "Hapo ulipokaa ni pake," alisema. "Pake na mtoto." Kisha akasema, "Usiwaambie." Akashuka, akaenda moja kwa moja kwa mjomba. "Mjomba, nimekusikia. Kwa heshima yako nitachukua ile ya kiti kimoja, wasipande kabisa." Mjomba alifurahi hadi siku ya kufa kwake. Kila penye pombe alitangaza, "Ile ndege ya manjano niliichagua mimi."

Nimefikiri sana kuhusu miaka ile. Zamani kampuni ndiyo iliyochagua, na chombo kikiwa kibovu tuliilaumu kampuni. Ruksa ilitupa uchaguzi, na woga wake tukaubeba wenyewe. Hapa Morogoro nilimwona fundi wa kiwanda akichagua cherehani baada ya kupunguzwa kazi, na mwingine akichagua gari bovu la kubebea mchanga, kila mmoja akiwaambia watoto wake mambo yatakuwa sawa. Wanaume tuliona kwamba kumlinda mtu ni kumficha goti linalotetemeka.

Na woga haukubaki kwenye kile kiti kimoja. Rubani alikuwa na desturi ya kuzunguka mara moja juu ya paa lake kabla ya kutua, kumjulisha mkewe kwamba yu hai. Mpaka asikie mzunguko ule, shemeji hakusonga ugali. Maji yalichemka hadi yakakauka. Majirani walinyamaza naye, na muungurumo ukisikika mtu angepiga kelele, "Mama, mzee kapita! Songa!" Binti yao alijua kusimama uani na kutazama mlimani kabla hajajua kusoma.

Juzi msibani, binti huyo, sasa mama wa watoto wawili, alikuja kukaa karibu yangu. "Baba mdogo," aliniuliza, "wewe ndiye pekee uliyewahi kuruka naye. Kule juu alikuwaje?" Niliangalia pembeni. Mama yake alikuwa mkekani, anasikia. Yule aliyeniambia nisiwaambie hakuwepo tena, na mimi kudanganya sijui. Nikawaambia habari za upepo, na kiti, na goti.

Shemeji alinigeukia. "Kwa hiyo aliyechagua hakuwa mjomba," alisema.

"Hakuwa mjomba."

"Na mimi miaka yote hii nikijua alimkubali mjomba haraka kwa kuwa alitaka awe peke yake huko." Akajifuta kwa ncha ya khanga. "Angeniambia tu, shemeji. Angeniambia naye anaogopa. Ningeogopa naye. Si nilikuwa naogopa vilevile?"

Binti alisogea mkekani. Alinyoosha mkono akaushika wa mama yake, kama mjomba alivyoushika siku ile uwanjani, naye hakuuachia.

Marehemu alichagua kwa upendo. Hilo nimeliona kwa macho yangu na nitalisema popote. Lakini upendo ule aliufunga mdomo, na mkewe akaishi naye bila kuuona. Nawaomba, ninyi mnaoanza familia leo na mnachagua chochote kile, mkiogopa, semeni nyumbani. Aliyekuwa anastahili kuliona goti lile ni mkewe, na badala yake nililiona mimi, mfukuza mbuzi.