Mashimo Ishirini na Saba ya Mwajabu

Mwajabu binti Marijani hajui kuogelea mpaka leo, na ukimcheka atakuuliza wewe unayejua, huko kuogelea kwako kumekulisha nini. Miaka arobaini ameingia baharini kwa miguu yake, maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yanapokupwa na mwamba wa mbele ya Mbezi Beach kujitokeza, mkononi kipande cha nondo, kiunoni kiroba. Alikuwa akitafuta pweza. Pweza hao ndio waliomjengea vyumba vitatu, na ndio waliomsomesha binti yake Maisa hadi akawa mwalimu.

Pweza hukaa shimoni, na ukimtoa leo kwenye shimo zuri, bamvua lijalo ataingia mwingine. Kwa hiyo mali ni kulijua shimo. Mwajabu alikuwa nayo ishirini na saba. Kumi na tisa alirithi kwa mama yake, na kila moja lina jina. Wanawake wa pale, kumi na wanne kwa jumla, wana mwiko mmoja tu: shimo halionyeshwi mtu. Wataenda pamoja wakitaniana njia nzima, lakini wakifika mwambani kila mmoja anashika njia yake, na ukijifanya mjanja ukamfuata mwenzio, atakuongoza kwa adabu zote mpaka pasipo na kitu.

Basi serikali ikataka kuipima bahari kama viwanja: hapa wavuvi, hapa meli, hapa hoteli. Akaja dada mpole aitwaye Lusungu, mtu wa Mbeya anayeishi Madale, akatandika ramani kubwa kwenye meza ya ofisi ya mtaa. Aliwaamkia wazee mmoja mmoja, kisha akaomba kila kundi libandike alama mahali linapofanyia kazi. Wavuvi wa nyavu walibandika mpaka wakagombana. Wanawake wakamtuma Mwajabu awasemee.

Mwamba aliuona. Ulikuwa doa la kijivu lisilozidi kiganja. Nyuma yake walisimama wenzake kumi na watatu, na wanaume wote wa ufukweni wakichungulia. Kuweka alama hapo aliona ni kuonyesha mashimo mbele ya watu. Akabandika alama yake kwenye mchanga.

"Sie tunaokoteza tu huku kando, mwanangu," alisema.

Lusungu aliuliza mara mbili kama kweli mwambani hawaendi. Mwajabu akajibu hawaendi, akatia sahihi. Njiani wenzake walimsifu kwa kuwatunzia siri, naye akafika nyumbani amejaa furaha.

Mwaka uliofuata ramani ilirudi imepitishwa. Mwamba, kwa kuwa hauna anayeutumia, umepewa mwekezaji wa gati la boti za watalii, na katikati yake utachimbwa mkondo. Mwenye pingamizi alipewa siku thelathini.

Hapo Mwajabu akavunja mwiko. Bamvua lilipofika alimshika Lusungu mkono, akampitisha mwambani shimo kwa shimo, akiyataja: Jicho la Mbuzi, Chungu Kimepasuka, Kwa Bi Harusi, mpaka la ishirini na saba. Lusungu akapiga picha kila moja. Wenzake walisimama mbali, hawaamini macho yao. Kisha wakaja, mmoja mmoja, kila mtu akaonyesha yake. Hija, shoga yake tangu usichana, alionyesha shimo ambalo Mwajabu alijua ni lake yeye. Kumbe miaka ishirini walikuwa wakipokezana bila kujuana. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Inaniuma kusema kwamba hicho ndicho kicheko cha mwisho mwambani pale.

Pingamizi lilikataliwa. Barua ilisema mwakilishi wa wanawake wenyewe alikwisha kuthibitisha kuwa eneo hilo hawalitumii. Lusungu aliileta mwenyewe, akakataa kiti.

"Mama, nilijua kuna kitu unanificha," alisema. "Niliona ni utovu wa adabu kukubana mtu mzima. Nisamehe."

Mashine ilianza kazi mwezi wa sita. Maji yalichafuka wiki tatu mfululizo, na yalipotulia hapakuwa na cha kutaja jina. Maisa alimsihi mama yake apumzike, umri umekwenda, yeye atamtunza. Mwajabu hakuwa amechoka.

Hija sasa anakaanga mihogo Tegeta. Mwezi uliopita alikuja kumjulia hali shoga yake, wakakaa barazani, chai ikapoa. Ndipo Mwajabu akalitoa lililomkaa moyoni.

"Mlinituma nikawasemee, nikawanyamazia. Kwa nini hakuna hata mmoja wenu anayenigombeza?"

Hija alimgeukia.

"Kwa sababu siku ile, ungeyataja mashimo, hapo ndipo tungekugombeza," alisema.

Mwajabu akajifunika uso kwa kanga, akalia. Angetukanwa, angalau angepata la kujitetea.